Punje Ndani ya Kopo la Nelly

Punje ilikuwa moja tu. Ilikuwa imelala kwenye kifuniko pamoja na kidonge cha asubuhi, nyeupe kama kidonge chenyewe, na nesi Rosemery angeweza kabisa kuimimina kiganjani mwa mgonjwa bila kuiona. Lakini aliiona. Akaitazama, akaitazama tena, kisha akalifunga kopo. Alikwenda kumwita daktari kwa mwendo wa kawaida, maana katika chumba kile walilala watu wenye mioyo iliyochoka, naye hakutaka kumshtua yeyote.

Ilikuwa punje ya mchele.

Jua lilipopanda, Inspekta Dativa alikuwa amesimama mbele ya kabati la dawa, mikono nyuma, kama mtu anayetazama picha ukutani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mpole wa sauti. Kituoni Ifakara walisema kwamba watuhumiwa wake huanza kwa kumwambia uongo na huishia kumweleza habari za wajomba zao.

"Mchele," alisema Koplo Ildefonce, akiinama juu ya meza. "Afande, Ifakara hii mchele uko kila mahali. Hata kwenye soksi zangu upo. Kweli tumeitwa kwa hili?"

"Soksi zako hazimezwi na mgonjwa, Koplo. Vaa glovu."

Daktari Joachim alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hakulala. Alikuwa kijana mrefu mwenye kola iliyokunjika. Kliniki yake ndogo ilijengwa kwa kazi moja tu: kutafuta matibabu mapya kwa watu ambao moyo umeshindwa kusukuma damu. Wagonjwa wake walitoka bonde zima, wengine mbali sana, kwa hiyo walipewa nyumba ya kulala uani, na kila asubuhi walipimwa uzito na presha, na kuangaliwa miguu kama imevimba.

"Nieleze daktari, polepole," alisema Dativa. "Mimi ni mtu wa wezi wa pikipiki."

"Wagonjwa wangu wote wanapata dawa za kawaida za moyo, na za kutoa maji mwilini. Hizo hazina siri. Juu ya hizo, kila mmoja ana kopo lake. Makopo mengine yana dawa mpya. Mengine yana vidonge visivyo na kitu. Ukivitazama ni vilevile. Ukivionja ni vilevile."

"Na wewe unajua lipi ni lipi?"

"Sijui. Nesi hajui. Mgonjwa hajui. Ndivyo inavyotakiwa, tusije tukampendelea mtu au kujidanganya wenyewe. Wanaojua ni wenzetu Dar es Salaam, na hawasemi mpaka kuwe na hatari."

"Na sasa kuna hatari?"

Daktari Joachim aligeukia dirisha. Ng'ambo ya varanda, ndani ya wodi, msichana mwembamba alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu. Hakuweza kulala chali. Kila pumzi aliivuta kwa mabega.

"Yule ni Nelly. Ametoka Masagati. Moyo wake ulitanuka baada ya kujifungua. Alikuja hapa amebebwa. Akaanza kupata nafuu kidogo kidogo, halafu wiki hizi akarudi nyuma. Tangu jana maji yanamjaa mapafuni."

"Si kuna dawa?"

"Ipo. Lakini ikikutana na ile dawa mpya kwa kipimo kizima, presha yake itaanguka na figo zitaumia. Na kama hana dawa mpya mwilini, nikimpa kidogo kwa woga, maji yatamshinda. Nilitaka kupiga simu Dar waniambie kopo lake ni la aina gani. Ndipo tukaikuta punje." Akapangusa uso. "Kopo hili lilifunguliwa hapa hapa mbele ya mashahidi, limefungwa tangu kiwandani. Mchele haukuwamo. Mtu ameingiza mkono. Sasa hata Dar wakiniambia, jibu lao ni la kopo la zamani. Sijui Nelly anameza nini, wala tangu lini."

Dativa alielewa. Hakuwa ameitiwa mtu wa kumfunga. Alikuwa ameitiwa jibu, na jibu lilitakiwa kabla yule msichana hajachoka kuvuta pumzi.

"Tupeleke vidonge maabara," alisema Ildefonce.

"Hadi Dar na kurudi? Majibu si ya leo wala kesho," alisema Dativa. "Mwaga makopo yote hapa, moja moja. Kila moja na karatasi yake safi."

Wakafanya hivyo. Ildefonce alishika kioo cha kukuzia, daktari akashika tochi. Makopo mengi yalikuwa masafi kabisa. Mawili hayakuwa. Chini ya kopo la Nelly kulikuwa na vumbi la rangi ya maziwa yaliyochemka, laini kama unga. Dativa alilisugua kati ya vidole vyenye glovu, akanusa.

"Pumba," alisema. Hakuna mtu wa Kilombero asiyeijua harufu ile.

Kopo la pili lilikuwa na pumba vilevile, na chenga moja ya mchele. Juu yake liliandikwa jina la Rabia.

"Rabia ni nani?"

"Mgonjwa pia," alisema daktari. "Wa Mang'ula. Analala chumba kimoja na Nelly. Yeye anaendelea vizuri mno. Alikuja hawezi kupanda ngazi mbili, sasa ndiye anayewapikia wenzake."

Ildefonce alinyoosha mgongo, macho yamemng'aa. "Afande, basi imeisha! Mmoja anapona, mwenzake anazidiwa. Watu wakaona kopo la Rabia ndilo lenye dawa. Ndugu wa Nelly akayabadilisha. Nani amekuja na Nelly?"

"Mama mkwe wake. Balbina."

"Umeona?"

"Nimeona," alisema Dativa. "Sasa tuone na kufuli."

Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja hulala na daktari nyumbani kwake. Mwingine hukaa mfukoni mwa koti la Rosemery.

* * *

"Huo ufunguo haujawahi kutoka mwilini mwako?"

"Hapana, afande."

"Hata kwenye choo?"

"Naenda nao."

"Hata ukiwa na joto, ukavua koti?"

Rosemery alikawia. "Hatuvui koti kazini, afande. Ni utaratibu."

Alikuwa amesimama wima kwenye chumba cha daktari, viganja vimekutana. Dativa aliona kitu kidogo. Nesi yule alikuwa anayumba. Kulia, kushoto, kulia, taratibu, kama mti uliopitiwa na upepo mdogo. Hakuwa anatetemeka kwa hofu. Wanawake huyumba hivyo wakiwa na mtoto mgongoni, na wakishazoea, mwili huendelea hata mtoto asipokuwepo.

"Una mtoto, Rosemery?"

"Bado, afande."

Kutoka wodini mtoto akaanza kulia. Rosemery aligeuza shingo haraka, kisha akajirudi.

"Yule ni wa Nelly?"

"Ndiyo. Marcelino. Hapendi maziwa ya kopo yakipoa."

"Nenda kamtazame," alisema Dativa. "Tutaongea baadaye."

Ildefonce alipobaki naye alinong'ona, "Afande, yule anaficha."

"Anaficha. Lakini anachoficha ni kizuri, ndiyo maana kinampa shida."

* * *

Jiko la nyumba ya wagonjwa lilikuwa banda la bati lenye meko manne. Wanawake wawili walikuwa wameketi kwenye vigoda, wakibishana kwa sauti ya watu wanaopendana.

"Mama Balbina, huo mchele wako wa Masagati una mawe kuliko barabara yenu."

"Na wa kwenu Mang'ula una nini? Unashikana kama ugali. Mtu anakula kwa kisu."

"Ndiyo maana nauchanganya na wako. Wangu mpya, wako wa mwaka jana. Ukipikwa pamoja, kila mtu anapata sahani sawa na mwenzake. Hakuna wa kula gundi, hakuna wa kula changarawe."

"Changarawe utakula wewe peke yako."

Aliyesema kuhusu kuchanganya alikuwa mwanamke wa makamo mwenye ushungi wa kijani, mikono mepesi. Mbele yake palikuwa na vifuko vya mchele vya wagonjwa wenzake, kila kimoja kimetoka nyumba yake. Alimimina kutoka hiki na kile ndani ya ungo mmoja, akapepeta. Hakupima. Ildefonce aliona mchele tu. Dativa aliangalia mkono.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba mwanangu," alijibu Balbina, mzee mkavu mwenye macho makali. Alipoiona sare ya Ildefonce, akaacha kutabasamu. "Nelly amefanyaje?"

"Anapumua, mama. Huu ungo ni wa nani?"

"Wangu. Nimekuja nao tangu nyumbani. Kila mtu anautumia."

Ildefonce aliuchukua kwa glovu, akaumwaga mchele kwenye sufuria, akaupeleka ungo kwenye mwanga. Kati ya misuko, kule ambako brashi haifiki, palikuwa na weupe ambao si wa unga wa mchele. Alikwangua kidogo kwa ncha ya wembe, akakuta kipande chembamba cha ukingo wa kidonge.

"Hiki ni kielelezo," alisema kwa sauti ya kazi.

Rabia, yule wa ushungi wa kijani, aliweka mikono mapajani. Balbina alimtazama Koplo, akautazama ungo wake, kisha akatazama upande wa wodi. Kitu kilipita usoni mwake. Akasimama, akafunga khanga kiunoni.

"Ni mimi," alisema. "Nimefanya mimi. Twende."

"Mama Balbina!" Rabia alisema.

"Wewe pika. Watu wana njaa."

* * *

Walimketisha kwenye chumba cha daktari. Dativa alimpa onyo la kisheria kwa lugha nyepesi, kwamba halazimiki kusema, na akisema litaandikwa. Balbina akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyekaribishwa chai.

"Umefanya nini, mama?"

"Nimebadilisha dawa. Vya Rabia nikamwekea Nelly. Vya Nelly nikamwekea Rabia."

"Kwa nini?"

"Si unaona? Mmoja anapona, mwingine anakufa. Nina mjukuu asiyejua hata kutambaa. Ungefanyaje wewe?"

"Ufunguo uliupata wapi?"

"Nimeuokota."

"Wapi?"

"Chini."

Ildefonce alikuwa anaandika kwa furaha. Dativa hakuandika kitu. Alivuta kiti karibu.

"Mama, nisaidie. Makopo mawili yako mezani. Unataka vya huku viende kule, vya kule vije huku. Unafanyaje?"

"Unamwaga hivi kwenye khanga, unajaza hivi."

"Hata mimi ningefanya hivyo. Au ningebandua majina tu, nisiguse kidonge. Sasa ungo wa nini?"

Balbina alikaza fundo la khanga.

"Anayetaka kubadilisha hana haja ya ungo," Dativa aliendelea kwa upole. "Ungo ni wa mtu aliyemwaga vyote pamoja, akavirusha, akavipepeta mpaka havijulikani, ndipo akagawa. Huyo hakuwa anamnyima mtu. Alitaka wawili wapate sawa. Wewe, mama, hukuwepo; ungekuwepo ungeutaja ungo. Unadhani ni nani aliyefanya?"

Mzee aliutazama mlango. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilidhani ni Nelly mwenyewe. Ungo unakaa uvunguni mwa kitanda chake. Mtu anayepumua vile utamweka rumande? Atakufa asubuhi. Mimi mgongo wangu ni mzima, sakafu naiweza."

Ildefonce aliacha kuandika.

"Nelly umemwoza mwanao, au umemzaa mwenyewe?" Dativa aliuliza.

"Ni mtoto mzuri," alisema Balbina, na kwa mara ya kwanza machozi yakamtoka. "Kule kwetu wengine walisema arudishwe kwao, amekuja na ugonjwa. Nikasema nani amrudishe? Ameugua akinizalia mjukuu."

Dativa alimpa kitambaa chake, akatoka nje. Ndani ya wodi daktari alikuwa anahesabu pumzi za Nelly, mkono juu ya blanketi. Aliinua macho.

"Bado kidogo, daktari," alisema Dativa.

* * *

Rosemery alikuwa kwenye varanda, Marcelino mgongoni, amefungwa khanga vizuri. Koti lake jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa mlango.

Aliliona jicho la Inspekta likienda kwenye koti. Akaanza kulifungua lile fundo la khanga, kisha akaacha. Mtoto alikuwa ameshalala.

"Mwache," alisema Dativa. "Humbebi na koti, siyo? Kola inamkwaruza shavu."

"Ndiyo, afande."

"Sikulaumu. Nataka siku. Ni lini ulivua koti lenye ufunguo ukaliacha mbali na macho yako?"

Rosemery aliyumba, kulia, kushoto. "Nitafukuzwa kazi."

"Pengine. Sijui. Lakini Nelly hana muda wa kusubiri tujue hilo."

Nesi aliitazama wodi. Akavuta pumzi.

"Sikuzote nalitundika hapa mlangoni, nikiliona. Mara moja tu niliondoka. Jumapili ya Pentekoste. Mtoto alilia tangu alfajiri, na Nelly hakuwa amelala usiku kucha. Nikambeba, nikaenda naye mpaka kule kwenye michungwa, nikamzungusha mpaka akalala. Nilitaka mama yake apate usingizi japo kidogo. Nilikawia."

"Nani walikuwa hapa?"

"Hakuna mtu. Wote walikwenda misa. Mama Balbina ndiye aliyewaongoza, alikuwa amevaa kitenge kipya. Nelly alikuwa amelala, niliporudi nilimkuta anakoroma." Akasita. "Na Rabia. Yeye ni Mwislamu, hakwenda."

"Kabla ya siku ile Nelly alikuwaje?"

"Uzito ulikuwa unashuka. Miguu ilikuwa imeanza kuonyesha mifupa." Rosemery alianza kuelewa huku akisema. "Baada ya Pentekoste ndipo akaanza kuvimba tena."

"Ahsante, mwanangu. Umefanya vibaya kuacha ufunguo. Kumbeba mtoto hukufanya vibaya."

* * *

Rabia alikuwa ameshaivisha wali. Alikuwa amewapakulia wagonjwa wote, sahani sawasawa, na ya Balbina ameifunika kwa sahani nyingine. Yeye mwenyewe hakula. Alipomwona Inspekta anakuja peke yake, alisogea kwenye benchi kumwachia nafasi.

"Umemfunga mama wa watu?"

"Anakunywa maji ofisini. Dada Rabia, nieleze habari za shamba lenu Mang'ula."

Rabia alishangaa. "Shamba?"

"Naona unavyochanganya mchele. Si tabia ya jikoni tu ile."

"Tuko wanawake kumi na kitu. Waume zetu walikuja kukata miwa, kila mmoja na kwao. Tunakodi shamba moja, kila mtu na kipande chake. Lakini mto ukifurika unakula kipande cha huyu unaacha cha yule. Sasa huyu amekosa nini? Kwa hiyo wakati wa mavuno tunamwaga mpunga wote kwenye turubai moja, mzuri na mbovu, tunachanganya, tunagawana. Hakuna anayekwenda nyumbani na mapepe matupu." Akamgeukia Dativa. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

Dativa alimpa onyo lilelile alilompa Balbina. Alilisema polepole, akahakikisha limeeleweka.

"Dada Rabia," alisema kisha, "daktari ana dawa ya kumpa Nelly. Anashindwa kwa sababu hajui Nelly amemeza nini. Sikuulizi ili nikufunge. Nakuuliza ili amchome sindano."

Rabia aliinamisha kichwa. Ushungi ulimfunika macho.

"Kumbe ndiyo shida?" alisema. "Mimi nilikuwa naogopa kwa ajili ya kuiba. Sikujua kama namzuia daktari."

"Sema yote."

"Nilipona mimi. Kila asubuhi napanda mzani, daktari anafurahi. Kila asubuhi Nelly anapanda baada yangu. Yeye alishuka kidogo tu, mimi nimeshuka sana. Usiku nalala kama gogo, yeye ameketi. Ana miaka ishirini na mbili, afande. Mimi wanangu wameshaoa. Tuliambiwa makopo mengine yana dawa na mengine hayana kitu. Nikajua langu ndilo lenye dawa. Nikawa namtazama nikimeza, naona aibu, kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa."

"Ukachukua ufunguo."

"Siku ya sikukuu yao. Koti lilikuwa mlangoni. Nikaingia na ungo, nikafungua, nikamwaga langu na lake. Nikapepeta sana, nusu huku, nusu kule. Nikarudisha ufunguo. Basi."

"Makopo mengine?"

"Sikuyagusa. Hayakuwa yangu. La kwangu lilikuwa haki yangu kuligawa, ndivyo nilivyofikiri."

"Na la Nelly?"

"La Nelly nilidhani halina kitu, afande. Huwezi kumwibia mtu kitu ambacho hana."

Dativa alisimama. Kwenye varanda alikutana na daktari, akamweleza kwa maneno machache: makopo mawili tu, nusu kwa nusu, tangu Jumapili ya Pentekoste. Daktari alikuwa ameshashika simu.

Hawakusubiri sana. Daktari alisikiliza, akasema namba mbili, akasikiliza tena. Akakata simu, akawageukia.

"Kopo la Rabia halikuwa na dawa," alisema. "La Nelly ndilo lililokuwa nayo."

Ildefonce alivua kofia. "Sasa Rabia alipona na nini?"

"Na zile dawa za kawaida. Kutoa maji, kuacha chumvi, kupimwa kila siku, kupumzika. Wapo wanaopona hivyo. Ndiyo maana tunalinganisha, tusije tukaisifia dawa mpya kwa kazi isiyo yake." Alikuwa tayari anatembea. "Nelly amekuwa akipata nusu ya kipimo. Sasa najua la kufanya. Rosemery! Sindano!"

* * *

Jua lilipoanza kuinamia milima ya Udzungwa, Nelly alikuwa amepata mkojo mara nyingi, na mto mmoja umeondolewa mgongoni. Bado alikuwa dhaifu, lakini mabega yalikuwa yametulia. Dativa alihakikisha hilo kwa macho yake kwanza, ndipo akarudi kwenye benchi la jikoni. Alijua kwamba neno lililobaki ni zito, na hakutaka Rabia alisikie kutoka kwa mtu mwingine.

Alimwambia.

Rabia alichokoa mafiga kwa kijiti. Moto ulikuwa umebaki majivu.

"Kwa hiyo nilimnyang'anya," alisema.

"Ndiyo."

"Nikampa vidonge hewa, nikala dawa yake."

"Hukujua."

"Kutokujua hakumjazi mtu pumzi, afande."

Dativa hakumbishia. Aliuliza, "Mlipoletewa ile mbegu mpya ya mpunga, SARO, mliipanda vipi?"

"Tulikata shamba majaruba mawili: jaruba moja SARO, jaruba la pili mbegu yetu. Tuone ipi inazaa zaidi."

"Na mtu angekuja akachanganya mbegu kwenye majaruba yote mawili, ili kila jaruba lipate kidogo?"

"Tungempiga," alisema Rabia. "Tusingejua kitu mwaka mzima." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Kumbe sisi ni majaruba."

Daktari Joachim alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe cha chai alichomletea Rabia, isiyo na sukari nyingi, kama alivyowaagiza siku zote. "Niliwasomea karatasi ndefu," alisema. "Mliitikia kwa heshima, nami nikadhani mmeelewa. Wiki ijayo nitaanza na majaruba."

Jalada lilikwenda kwa mwendesha mashtaka. Dativa aliandika kila kitu, la kufungua kabati na la sababu yake, hakupunguza wala hakuongeza. Likarudi na onyo kwa Rabia. Rosemery alipewa barua kali, akabaki kazini, na ufunguo ukahamia shingoni kwenye uzi. Rabia na Nelly waliondolewa kwenye hesabu za utafiti, lakini si kwenye matibabu. Wakubwa wa Dar walikuja, wakakagua kila kopo lililobaki, wakaruhusu kazi iendelee.

Dativa alirudi siku moja kurudisha kielelezo. Ungo ulikuwa bado na kikaratasi cha polisi ukingoni. Alimkuta Nelly ameketi nje kwenye mkeka, mgongo wima, bila mto hata mmoja, Marcelino akijaribu kutambaa kuelekea miguu ya mama yake. Miguu ilikuwa miembamba tena.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Unalalaje?"

"Chali," alisema Nelly, na alilisema kama mtu anayetaja cheo.

Jikoni, Rabia alikuwa ameketi mbali na mafiga. Vifuko vya mchele vilikuwa vimepangwa mbele yake, kila kimoja peke yake, na sufuria ndogo ndogo kando. Balbina alipokea ungo wake, akabandua kile kikaratasi, akauweka mapajani mwa Rabia.

"Pepeta."

"Sigusi, mama. Kila mtu atapikiwa wake."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomla mkweo pumzi."

Nelly aliinuka kwenye mkeka. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu alikuwa ameinua mkono kuwakataza. Akatembea mwenyewe mpaka jikoni, polepole, akachukua kifuko chake cha Masagati na kifuko cha Rabia cha Mang'ula. Akavimimina vyote viwili ndani ya ungo, mpaka punje ya mwisho. Akapumua.

"Mchele changanya, dada Rabia," alisema. "Dawa ndiyo uache."